Tela Halina Dereva: Niliyoyasema Mikindani Kuhusu Nyumba Zetu za Kuvutwa

Walioshindwa kufika Mikindani, hapa Mtwara, Jumamosi kwenye mkutano wetu wa wenye matela na karavani, wameniomba maneno yangu. Haya hapa, karibu kama yalivyotoka kinywani, pamoja na pale nilipokatizwa. Picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, maana jua la saa nne lilikuwa limeshaingia dirishani.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu wa Mikindani mliotupa kivuli hiki, shikamooni. Kina mama wa matela ya chakula, vijana wa kupima ardhi, manahodha, mafundi wenzangu, habari za asubuhi. Na nyie watu wa Lindi, mmeamka gizani mkavuta matela yenu karibu kilomita 100 kuja kunisikiliza mimi, asanteni. Niliwaona mkiingia. Kila tela lilipoegeshwa nililifuata nikalipapasa, wengine mkadhani nashangaa rangi. Nilichokikuta nitakisema kabla hatujatawanyika.

Niwaulize swali. Upo barabarani unaendesha, tairi la mbele linaanza kuishiwa upepo. Nani anajua kwanza?

(“Dereva!”)

Dereva. Kaambiwa na nani? Kaambiwa na usukani, unamvuta upande mmoja. Kaambiwa na kiti, na sikio. Haya, sasa tairi linaloishiwa upepo ni la tela. Nani anajua?

Mmenyamaza. Basi jibu ni hilo hilo, hakuna anayejua. Tela halina dereva. Mwenye usukani yupo mbele kabisa, amefunga vioo, redio inaimba, na kule nyuma kuna kitu chenye matairi mawili kinalia peke yake. Tela likiumwa halina wa kumwambia. Litaumwa, litaumwa, halafu litakufa, na siku ya kufa ndiyo siku utakayojua.

Ndiyo maana leo sitawafundisha ufundi mwingi. Nataka jambo moja tu: mwende kwa tela kabla tela halijaja kwenu. Kwa mkono, si kwa macho.

Na hili tela letu la kulala, karavani, au “nyumba ya kuvutwa” kama watoto wa hapa Mikindani wanavyoliita, lina shida mbili kwa mpigo. Ni gari na ni nyumba. Nyumba yako ya Shangani au ya Ligula, pale Mtwara mjini, imekaa palepale tangu ijengwe. Bomba la gesi halijawahi kurushwa shimoni, waya haujawahi kusuguana na bati kutoka Masasi mpaka hapa. Nyumba ya kuvutwa inapigwa na tetemeko la ardhi kila siku ya safari. Mwaka 1885 kule Uingereza kulikuwa na daktari mmoja, William Gordon Stables, alijengewa nyumba ya kutembelea ikavutwa na farasi. Akaiita The Wanderer. Yule hakuwa na haja ya hotuba hii. Kwa mwendo wa farasi beringi, kile chuma cha viviringo kinachofanya gurudumu lizunguke kwa ulaini, haiungui.

Zangu ziliungua.

Karavani langu la kwanza nililinunua kwa mhandisi aliyemaliza kazi yake hapa akawa anarudi kwao. Lilikuwa limekaa chini ya mwembe miaka minne. Nilifanya nini? Nilipaka rangi. Mama watoto akashona mapazia ya maua. Nikanunua godoro. Matairi nikayajaza upepo, nikayaona yamesimama, nikasema Bismillah. Tulikuwa tunakwenda harusini Lindi. Mimi fundi mzima, nacheka na wenzangu kila siku kwamba wateja wanapaka rangi kabla ya kufungua habu, kile kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, nikafanya lile lile.

Tulikuwa hatujafika Mingoyo. Mwanangu mdogo, amekaa kiti cha nyuma, akasema, “Baba, kuna tairi linatupita.” Nikamwambia acha mchezo. Akasema, “Baba, linatupita kweli.” Nikatazama kushoto. Gurudumu langu, na rimu yake, na nati zake zote, linakwenda taratibu bila haraka yoyote. Likatutangulia, likaruka mtaro, likaingia shamba la mikorosho. Hapo ndipo tela lilipoketi upande mmoja na ekseli ikaanza kuchora lami, cheche zinaruka.

Nilipolifuata gurudumu nilimkuta bibi mmoja anaokota korosho. Alilitazama, akanitazama. Akasema, “Mjukuu wangu, mbona mmelitanguliza?”

Chekeni, nami nacheka leo. Siku ile gurudumu lingekwenda kulia lingekutana na basi.

Nilipofungua habu ya upande ule niliikuta ya buluu, ile rangi ya chuma kilichopikwa. Beringi haikuwa na grisi, ilikuwa na unga mweusi kama masizi ya chungu. Miaka minne chini ya mwembe, hewa ya chumvi, na ile sili ya mpira inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie ilikuwa imekauka kama ganda la korosho. Nilipojaza upepo kwenye matairi nilikuwa nimempaka wanja mgonjwa wa homa.

Kwa hiyo tunafanyaje? Kabla ya safari, tela likiwa limenyanyuliwa salama, zungusha gurudumu kwa mkono usikilize. Likikwaruza, fungua. Lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, fungua. Halafu safari ikianza, kilomita 30 za kwanza, simama. Shuka. Peleka mgongo wa mkono karibu na habu kwanza, usivamie kwa kiganja, maana ikiwa imewaka utaiachia ngozi. Ukiona panakalika, weka kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Lakini kama huwezi kuacha mkono mpaka uhesabu tano, pale pana jambo: beringi, au breki iliyogoma kuachia. Nenda upande wa pili ulinganishe. Habu mbili za ekseli moja zinatakiwa zifanane kama mapacha. Mmoja akiwa na homa peke yake, usiondoke.

Wangapi hapa mnashuka na kushika habu? Nyoosheni mikono. Watatu. Na mmoja kati ya hao ni mwanangu.

Sasa kupaka grisi. Kuna wanaopaka juu juu kama siagi kwenye mkate, wakafunga, wakasema nimesavisi. Hapana. Osha beringi kwa mafuta ya taa mpaka iwe safi, ikaushe, utazame viviringo vyake kimoja kimoja. Ukiona kidonda, au rangi ya buluu, itupe. Kisha chukua fungu la grisi ya magurudumu, ukubwa wa ndimu, uliweke katikati ya kiganja cha kushoto. Beringi ishike kwa mkono wa kulia, mdomo wake mpana utazame kiganja. Ikandamize pembeni mwa lile fungu, uivute kwako, uikandamize tena. Mara ya kwanza hutaona kitu. Endelea. Kuna dakika utaona grisi inachomoza juu, katikati ya vile viviringo, nyuzi nyuzi, kama tambi zinatoka kwenye kikamulio. Hapo ndipo imeshiba. Izungushe kidogo, rudia mpaka tambi zitoke pande zote. Weka sili mpya, hata kama ya zamani inakutazama kwa huruma. Nati ya katikati ikaze huku unazungusha gurudumu ili beringi zikae mahali pake, kisha ilegeze, uikaze tena kwa vidole tu, upitishe pini. Ukiikaza kwa nguvu zako zote unaipika beringi kabla ya safari.

Mara ngapi? Vitabu vingi vya matela vinasema mara moja kwa mwaka hata kama limetembea kidogo. Sisi wa pwani tusibishane na vitabu katika hili. Na nyie manahodha mnaoshusha mashua kwa tela, sikilizeni vizuri. Umetoka mjini, habu imepata moto. Unalirudisha tela majini moja kwa moja. Hewa ya ndani ya habu inapoa ghafla, inanywea, na inaponywea inavuta. Inavuta nini? Inavuta maji ya bahari, yapite kwenye sili yakakae na beringi. Subiri habu zipoe ndipo uingie. Ukitoka, mwagia maji baridi ya bomba au ya kisima, chini kote.

Nati za magurudumu: ukifunga gurudumu, zikaze kwa kurukia upande wa pili, usizunguke kama unahesabu tasbihi. Baada ya kilomita 50 hadi 80 zikaze tena. Hazikulegea kwa uzembe wako, chuma na rangi vinajipanga tu.

Matairi sitayakalia sana. Kuna tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi la tela hufa kwa uzee kabla ya kuisha meno, hasa linapokaa juani mwaka mzima likisubiri safari mbili. Likishapita miaka mitano au sita, mimi sisafirishi familia juu yake hata kama meno yanang'aa.

(Hapa mzee mmoja akauliza: “Mwanangu, haya mambo si ya Wazungu? Barabara zetu zinayaweza?”)

Shikamoo mzee wangu. Mwaka 1959 msafara wa karavani za Airstream, ukiongozwa na Mmarekani Wally Byam, uliondoka Cape Town ukielekea Cairo, na mwaka uliofuata ukafika. Barabara za wakati ule unazijua kuliko mimi. Tela haliuliwi na barabara, mzee. Linauliwa na kutoshukiwa.

Ngoja sasa nije kwenye uzito, maana hapa ndipo watu wa msimu wa korosho mnaponitia hofu.

Mteja wangu mmoja alikuwa na karavani lenye mlango nyuma. Wakati wa korosho akasema, sasa nirudi bure kutoka juu kule kwenye uwanda wa Makonde? Akapakia magunia. Kwa kuwa mlango uko nyuma, magunia yakakaa nyuma. Kwa kuwa kitanda kipo mbele, hakutaka kukichafua. Mnaiona hesabu? Mkia mzito, kichwa chepesi. Nilikuwa naye. Kwenye tambarare tulikwenda kama tumebebwa. Tulipoanza kushuka, lori likatupita, upepo wake ukalisukuma tela kidogo tu. Likayumba kulia. Likarudi kushoto, zaidi. Likarudi kulia, zaidi ya zaidi. Mkia ukawa unatikisa mbwa. Mwenzangu akafanya anachofanya kila mwanadamu: akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Gari lilisimama likitazama tulikotoka. Tela lilikuwa limelala ubavu, na magunia yamepasuka. Tulikuwa wazima, yeye na mimi. Watoto wa kijiji kile walituokotea korosho kwa uaminifu, nadhani, ingawa magunia yalipungua.

Angefanyaje? Angeondoa mguu kwenye mafuta taratibu, akashika usukani umenyooka bila kujaribu kulifukuza tela kulia na kushoto, akaacha mwendo ufe wenyewe. Kama tela lina breki zake za umeme, ile swichi ya mkono ibonyezwe kidogo kidogo, tela livute kwa nyuma. Kuongeza mafuta ili “ulinyooshe”, kama wanavyodanganyana vijana vijiweni, ni kujichimbia.

Lakini dawa ilikuwa kwenye kupakia. Vizito viwekwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mkono wa tela, kile chuma cha mbele kinachoshikana na gari, ukandamize ule mpira wa chuma wa gari kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wote, au zaidi kidogo. Tela la kilo 1,000 likandamize kilo 100 mpaka 150, bila kuzidi kipimo kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia cha gari lako. Utapimaje? Chukua mzani wa kupimia watu, weka ubao juu yake, na kigogo cha kufikia kimo cha mpira, ushushe mkono wa tela pale. Tela likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri, siyo tupu! Tupu linadanganya. Na tangi la maji msilisahau. Lita 100 ni kilo 100, hazipungui kwa sababu ni maji ya kunywa.

Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa tela, ili ukichomoka udakwe usichome lami. Waya wa kuvuta breki tela likikatika ufungwe kwenye gari lenyewe, usiufunge kwenye mnyororo. Na ukiwasha indiketa ya kushoto zikawaka taa zote kama sikukuu, usinunue balbu. Tafuta waya wa ardhi, umeliwa na kutu.

Haya. Tuingie ndani ya nyumba.

Dada mmoja, ninamwona amekaa pale na ameniruhusu nisimulie bila jina, ana tela la chakula. Alinipigia simu: “Kaka, mtungi wangu wa gesi unaisha upesi, nadhani wauzaji wananipunja.” Nikaenda alfajiri kabla hajawasha jiko. Nilisimama mlangoni, sikusikia harufu. Nikainama kutafuta kiatu kilichonivuka, na harufu ikanipiga usoni.

Kwa nini chini? Kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi. Inashuka, inatuama sakafuni kama maji kwenye bakuli, inangoja cheche. Waliotengeneza tela lile walijua, ndiyo maana waliacha matundu kwenye sakafu ili gesi imwagike nje. Nikayatafuta yale matundu. Yalikuwa yamezibwa na matambara, yamekazwa vizuri kwa bisibisi.

“Dada, haya kaziba nani?”

“Mimi. Panya walikuwa wanaingia.”

Jamani. Panya wawekeeni wavu wa chuma wa matundu madogo. Msizibe. Narudia, msizibe. Narudia tena kwa walioko nyuma: lile tundu la sakafuni ni la kukuokoa wewe.

Kuvuja kwenyewe tulikukuta kwa sabuni. Sabuni ya unga, maji kidogo, brashi, ukapaka kila kiungo kutoka kwenye regulata mpaka jikoni. Viungo vyote vilikuwa kimya. Mahali ambapo mpira unapita kwenye tundu la bati ndipo povu lilipoanza kupumua: kipovu kimoja, kikakua, kikapasuka, kikaja kingine. Bati lilikuwa limeukata mpira kwa kuusugua, safari baada ya safari. Kipande cha mpira mgumu cha kuvika ukingo wa tundu kingetosha kuzuia yote. Msijaribu na kiberiti. Najua mtu aliyejaribu na kiberiti, nyusi zake hazijarudi sawasawa.

Tela likitembea, gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe, siyo kwenye jiko. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mkanda, ukae mahali penye hewa ya nje. Mpira wa gesi una tarehe yake, isomeni. Ukiukunja ukaona nyufa, hiyo nayo ni tarehe.

Na mkaa. Hapa naomba kicheko kikae pembeni. Vijana wa kupima ardhi, mnapolala juu Newala mwezi wa saba usiku kuna baridi, nakubali. Miaka kadhaa nyuma vijana wanne waliingiza jiko la mkaa ndani ya tela, wakafunga madirisha, wakalala. Mkaa ulikuwa umeshaiva, hauna moshi, wakaona ni salama. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Mmoja aliamka kwenda kukojoa, miguu ikamkataa, akaangukia mlango ukafunguka. Huo mlango ndio uliowaokoa wote wanne. Nililetewa tela nitengeneze bawaba iliyong'oka, ndivyo nilivyokijua kisa. Jiko la mkaa halilali ndani. Jenereta haiwekwi chini ya dirisha wala chini ya tela. Kuna vifaa vidogo vya betri vinavyolia vikiinusa sumu hiyo. Tafuteni kimoja kabla ya kununua televisheni.

Televisheni imenikumbusha uboreshaji. Siku hizi kila mtu anataka sola, inveta, friji, taa za kumeremeta. Vizuri. Mimi mwenyewe ninazo. Ila fanyeni hesabu ya darasa la saba kwanza. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12: gawanya. Ni zaidi ya ampea 83, na ukiongeza kinachopotea njiani unakaribia 100. Ampea 100 zinapita kwenye waya gani? Mimi niliwahi kuzipitisha kwenye waya mwembamba niliokuwa nao gereji, kwa sababu duka lilikuwa limefungwa na nilitaka kuona mpira usiku ule. Dakika ya kumi ya mchezo ganda la waya lilianza kunuka kama samaki aliyesahaulika kikaangoni. Waya mnene, mfupi kadiri iwezekanavyo, na fyuzi ikae karibu na betri, shubiri moja hivi kutoka kwenye kichwa chake. Fyuzi iliyokaa huko mbali inalinda mbali huko. Betri ya maji ipewe tundu la kupumulia kwenda nje, maana ikichajiwa inatoa hewa inayowaka. Anayehamia betri ya lithiamu ahamie na chaja yake, ya zamani haiijui.

Anayechomelea chuma kwenye tela atoe mitungi ya gesi kabisa, si kufunga tu, akate betri, na kile kibanio cha ardhi cha mashine akibane karibu na pale anapochomea. Ukibana mbali, umeme unatafuta njia, unapita kwenye beringi, unaziachia vidonda vidogo vidogo. Umetengeneza fremu, umeua gurudumu. Na kabla ya kuchomea, gonga bomba la fremu kwa nyundo ndogo toka mbele mpaka nyuma. Chumvi ya huku inakula bomba kwa ndani, nje rangi inacheka. Zima linalia kengele, lililoliwa linajibu kama debe lenye mchanga.

Juu ya paa sitasema mengi. Kabla mvua hazijaanza, panda na ubao wa kukanyagia, angalia maungio yote. Kwangu mguu ulipita sakafuni mpaka nje kwa sababu ya tone moja la paani nililolipuuza masika mawili. Silikoni ya bafuni haikai, jua linaibandua. Tumieni utepe wa mpira unaonata na lami yake ya matela.

La mwisho ni jeki, kisha tutoke. Mwaka jana tulikuwa Msimbati, tela limekaa kwenye mchanga ule mweupe, tairi limepasuka. Kijana wangu wa kazi akaweka jeki mchangani, akanyanyua, akaingiza kichwa chini kutazama springi. Hakuweka ubao wala kizuizi kwenye gurudumu la pili. Nilikuwa napiga simu. Niliona tela linashuka polepole, jeki inazama kama kijiko kwenye uji, na miguu ya yule kijana ipo nje inatulia tu, hajui. Nilimvuta kwa kifundo cha mguu. Alitoka na mchanga mdomoni, akanitukana kwanza, halafu akageuka akaona ukingo wa fremu umekaa pale kilipokuwa kichwa chake. Akakaa chini. Hakusema tena mpaka jioni.

Zuia magurudumu pande zote mbili, mbele na nyuma, kabla ya kunyanyua na kabla ya kufungua tela kutoka kwenye gari. Ubao mpana chini ya jeki. Stendi imara chini ya fremu, na hapo ndipo mtu aingie. Ile miguu minne ya pembeni ya karavani imewekwa ili nyumba isitikisike ukigeuka kitandani, haikuwekwa kubeba tela.

Sasa nilichokikuta asubuhi. Bwana wa Lindi mwenye tela la kijani, mapazia ya maua, naona hata mapazia tunafanana. Ulipoegesha tu, habu yako ya kushoto nilihesabu uvuguvugu mpaka kumi. Ya kulia sikufika mbili. Harusi unayoiendea ni lini? Keshokutwa? Basi leo hurudi nalo, utakula kwangu, mama watoto ameshaambiwa. Beringi na sili ninazo. Ubao upo, stendi zipo, na grisi nimekuja na kopo zima.

Nani ana vizuizi vya magurudumu? Hata matofali, leteni manne. Wanaotaka kuziona tambi zikitoka, tokeni kwa mlango wa huku, kule kuna jua.